Nilivyoimwaga zinki yangu yote na maji ya kuoshea: ferrite, kostiki ya sabuni na nafasi moja ya Masters

Wakuu, heshima kwenu nyote, wakongwe na wageni wa jukwaa.

Hiki ninachokileta kimenitokea mimi mwenyewe, hakuna cha kuhadithiwa na jirani. Penye uhakika nitasema nina uhakika. Pasipo na uhakika nitasema pia, na sehemu hiyo itakuwa kubwa kidogo, mnivumilie.

Mimi ni kijana wa Ujiji. Nimemaliza degree ya kemia, na kwa sasa najitolea kufundisha sekondari moja pale Mwandiga. Mama yangu anapika sabuni ya mawese, kwa hiyo nimekulia kwenye moshi wa sufuria ya sabuni.

Jambo la pili la kunijua: nawaza kupita kiasi. Mtu akinijibu "Ok." yenye nukta mwishoni, ile nukta naichunguza kama mtu anayesubiri kipimo cha malaria.

Sasa twende kwenye mada.

Chuoni project yangu ya mwisho niliifanya kwa mhadhiri mmoja, nitamwita Dokta. Miezi kadhaa baada ya mahafali akanipigia simu. Ana mradi wa unga wa sumaku wa kusafishia maji machafu. Unauchanganya kwenye maji, unanasa uchafu, halafu unauvuta wote kwa sumaku, maji yanabaki. Mradi una nafasi moja ya mwanafunzi wa Masters, gharama zote juu yao.

Majina mezani yalikuwa mawili. La kwangu, na la jamaa mmoja aliyebaki kule kule mjini, karibu na maabara yenye kila kitu.

"Sitaki barua za maombi," Dokta akasema. "Nitengenezee ferrite yenye zinki. Anza na isiyo na zinki kabisa, halafu ongeza kidogo kidogo. Nikipima nikaona usumaku unapanda kisha unashuka, tutaongea. Kabla ya mwisho wa mwezi ujao."

"Dokta, mimi niko Kigoma."

"Kwani Kigoma hakuna chuma?"

Akakata simu. Nikabaki nawaza kama alikuwa anatania au alikuwa amekasirika.

Kwa ambao si watu wa kemia, ngoja nieleze kidogo, maana bila hili hamtaelewa nilichokuwa nakihangaikia.

Ferrite ni kiwanja cha chuma na oksijeni, ndugu yake kutu, ila hii inavutwa na sumaku. Ukiitengeneza katika chembe ndogo sana, ndogo kuliko hata vumbi, unapata unga mweusi ambao ukiuweka kwenye maji na kusogeza sumaku nje ya chupa, unatembea wote kuelekea kwenye sumaku. Mara ya kwanza nilipouona chuoni nilisahau kula mchana.

Ndani ya ferrite, atomu za chuma zimekaa pande mbili, na kila upande unavuta kinyume cha mwenzake. Fikiria mchezo wa kuvuta kamba. Upande mmoja una watu wengi, mwingine una wachache. Usumaku unaouona nje ni ile tofauti tu, kile ambacho upande mkubwa umeuzidi mdogo.

Sasa doping ni kuingiza ayoni za metali nyingine kwenye hizo nafasi za chuma. Zinki ina tabia ya ajabu. Yenyewe haina usumaku hata chembe, ni mgeni anayeshika kamba bila kuvuta. Lakini inapenda kwenda kukaa upande ule mdogo. Ikikaa pale, chuma aliyekuwa na nafasi hiyo anahamia upande mkubwa. Upande mdogo umepoteza mvutaji, upande mkubwa umeongeza. Kwa hiyo umetia kitu kisicho sumaku, na sumaku imekuwa kali zaidi!

Ila ukizidisha zinki, upande mdogo unabaki hauna mtu wa kuvuta. Wale wa upande mkubwa wanakosa wa kushindana naye, mpangilio wao unavurugika, kila mmoja anaelekea kwake. Usumaku unashuka. Hiyo ndiyo panda-shuka aliyoitaka Dokta.

Kila metali ina tabia yake. Kobalti, kwa mfano, inaufanya usumaku uwe mkaidi, ukishaelekea upande mmoja haugeuki kirahisi. Hiyo haifai kwa unga wa kusafishia maji, kwa sababu chembe zinaendelea kung'ang'aniana hata ukiondoa sumaku. Zinki inaufanya uwe mwepesi, inashika na kuachia. Naweza kuongea habari hii mpaka mkanikimbia, tuendelee.

Vifaa nilivipata. Shuleni chumvi za chuma na za zinki zipo, ndizo wanafunzi wanazotumia kwenye practical. Mkuu wa idara aliniruhusu kutumia, kwa sharti moja: chumvi ya chuma niibakize ya Form Four. Kostiki, ile dawa kali ya kupikia sabuni, nilichota nyumbani. Maji sikuthubutu kutumia ya bomba, kwa sababu maji ya ziwa letu yana madini mengi, nikakinga ya mvua na kuyachemsha.

Kupima kulikuwa ndiyo kichwa kilichoniuma. Mashine ya kupimia usumaku Kigoma sikujua kama ipo. Akaniokoa Madam Neema, mwalimu wa fizikia, ambaye ndiye anashika funguo za maabara.

"Sumaku unayo?" akaniuliza.

"Ninayo, ya spika mbovu."

"Iweke juu ya mizani. Chini yake pindua kikombe cha plastiki, isije ikanivurugia mizani yangu. Unga wako uufunge kwenye kichupa, ukining'inize juu ya sumaku, umbali ule ule kila mara. Unga ukivuta sumaku juu, mizani itasoma pungufu. Pungufu ikiwa kubwa, unga ni mkali."

Nikamwangalia.

"Usiniangalie hivyo, nenda kapime. Na ukivunja mizani utafundisha fizikia mpaka uzeeke."

Nikatengeneza sampuli tano. Unayeyusha chumvi zako, unatia maji ya kostiki, mashapo yanatokea, unapasha moto huku unakoroga, unaosha, unakausha. Unga mweusi kabisa, mzuri, unang'aa. Nilianika nyumbani kwenye sinia, na Mama Riziki, rafiki wa mama anayepika naye sabuni, wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo, akachungulia.

"Iyi ni wanja, ao?"

"Hapana mama mdogo, ni sumaku."

"Sumaku ya unga?" Akamgeukia mama. "Dada, mtoto yako alisoma mpaka akaanza kusaga vyuma."

Mama akacheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu nikapima. Sampuli ya kwanza, isiyo na zinki: mizani ikasoma vizuri. Ya pili: karibu sawa. Ya tatu: karibu sawa. Ya nne, sawa. Ya tano, iliyotiwa zinki nyingi kuliko zote, ambayo ilitakiwa iwe imelegea: sawa.

Nikarudia. Nikabadilisha kichupa. Nikabadilisha meza. Nikafunga madirisha kwamba labda upepo. Madam Neema akanitazama tu.

Nikachora grafu. Wakuu, ule mstari ulikuwa umelala kama ziwa asubuhi.

Hapa ndipo akili yangu ilipoanza kazi yake inayoijua. Sikuwaza kuhusu zinki. Niliwaza kuhusu mimi. Kwamba chuoni nilipata alama kwa bahati. Kwamba Dokta alinipigia kwa kunihurumia. Kwamba yule jamaa wa mjini kwa sasa ana mstari mzuri kama mgongo wa kilima. Ndani ya kichwa changu nilikuwa nimeshafika mbali, naona natimiza miaka arobaini nikiwa bado najitolea Mwandiga.

Na nitakuwa mkweli: mstari unaotakiwa uko vitabuni. Namba nilikuwa nazijua. Kuziandika ilikuwa kazi ya dakika chache. Lakini Dokta alitaka unga wenyewe, na unga hauwezi kudanganya kwa niaba yangu. Nikamwandikia nikafuta, nikaandika nikafuta, mwisho nikatuma: "Dokta, sampuli zote tano zinavuta sawa. Sijajua kwa nini."

Jibu: "Ok."

Na nukta.

Siku mbili tatu hizo sikuwa mtu wa kuongea naye. Mama alidhani nimegombana na mchumba. Sina mchumba, jambo ambalo nalo aliligeuza kuwa mada.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Nilikuwa na kipindi cha practical na Form Four. Tunafanya utambuzi wa chumvi. Wote mliosoma kemia mnaijua: unatia dawa tone kwa tone, unaangalia rangi ya mashapo, halafu unazidisha dawa uone kama mashapo yanayeyuka au yanabaki. Dawa yenyewe ni nini? Ni kostiki, ile ile, ila shuleni inaitwa sodium hydroxide na tunaiheshimu zaidi.

Nikachukua chumvi ya zinki. Nikatia matone. Yakatokea mashapo meupe.

"Mnaona nini?"

"White precipitate, sir!"

Nikazidisha dawa. Yale meupe yakapotea, maji yakawa safi kabisa kama hakuna kilichowahi kutokea.

"Na sasa?"

"Soluble in excess, sir!"

Darasa zima, kwa sauti moja, kama wanaimba. Yaani zinki inayeyuka kostiki ikizidi. Kitu ambacho nimekifundisha mimi, nimekisahihisha mimi, na nimewahi kumkata mtu alama kwa kukikosea.

Nikasimama na kile kichupa mkononi.

"Sir amekwama," mmoja akasema kule nyuma.

"Mtandao hafifu," mwingine akamjibu. Wakacheka. Hata mimi nikacheka, ila akili ilikuwa imeshahama darasani.

Maana nilikuwa nimekumbuka jinsi nilivyotia kostiki kwenye sampuli zangu.

Nyumbani kwetu, sabuni ikiwa kwenye sufuria na mama ameshaona imeshika, huwa anaongeza kostiki kidogo ya mwisho. Anaiita ya kusindikiza. Ni ya kuhakikisha sabuni inasimama, haitoki laini. Sabuni isiyosindikizwa kwetu ni aibu. Nimekoroga hiyo sufuria tangu nikiwa primary, mkono wangu umeshazoea. Kwa hiyo kule maabara, mashapo yalipotokea, mkono ukaongeza. Sikufikiri hata kidogo. Mimi ninayefikiria nukta, hapo sikufikiri! Na kwa kuwa ilikuwa kemia ya maana, nikasindikiza kwa ukarimu.

Chuma hakijali kostiki ikizidi, kinabaki chini. Zinki inayeyuka na kupanda majini. Kisha mimi nikaosha unga vizuri, nikamimina yale maji, zinki ikaenda nayo. Nilichokuwa nakipima ni ferrite ile ile mara tano.

Lakini hiyo ilikuwa dhana tu. Nilihitaji kuiona.

Hapa uoga wangu ulinifaa kwa mara ya kwanza maishani. Mimi situpi kitu, naogopa nitakihitaji. Maji ya kwanza ya kuoshea nilikuwa nimeyaweka kwenye chupa za soda, kila sampuli na chupa yake, nimeandika kwa marker. Madam Neema alikuwa ameshaniambia kwa upole nizitoe chini ya meza yake.

Baada ya kipindi nikamwomba abaki. Nikamimina maji kidogo ya kila chupa kwenye bika yake, nikaanza kudondosha asidi nyepesi ili kuipunguza ile kostiki. Kama zinki imo, ikikosa kostiki ya kutosha lazima irudi kuwa mashapo meupe.

Bika ya kwanza, ya sampuli isiyo na zinki: maji safi, hakuna kitu.

Ya pili: wingu jepesi jeupe, kama maji uliyosuuzia kikombe cha maziwa.

Ya tatu: zito zaidi. Ya nne zaidi. Ya tano, maziwa kabisa.

Nikaacha kudondosha, maana asidi nayo ikizidi inayayeyusha tena. Nilishajifunza kuogopa neno kuzidi.

Madam Neema akainama akaziangalia zile bika tano zilivyopangana.

"Panda yako hii hapa," akasema. "Ulikuwa umeiweka kwenye chupa za soda."

Nilipofika nyumbani nikamweleza mama.

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Sijasema hivyo mama."

"Umesema ya kusindikiza. Mimi nilikufundisha sabuni. Nilikwambia ukatie kwenye sumaku?"

Mama Riziki akadakia kutoka jikoni: "Mwache. Sasa amejua, kila chungu na kostiki yake."

Shida iliyobaki: chumvi ya chuma. Nikitoa akiba ya Form Four, iliyobaki ilitosha kutengeneza sampuli tano kwa mara moja tu. Nikikosea tena, basi. Mwezi wa Dokta ulikuwa unaishia, na mimi nina mkono uliozoea kuongeza.

Jumamosi Madam Neema akanifungulia maabara, akakaa dirishani anasahihisha. Nikachukua karatasi za kupimia ukali wa kostiki, zile zinazobadilika rangi. Nikajiwekea mpaka: karatasi ikifika kwenye rangi ya kumi, naweka chini dropa. Si kumi na kidogo. Kumi.

Wakuu, mashapo yalipotokea kwenye sampuli ya pili, mkono ulienda wenyewe. Naapa. Niliuona ukienda. Nikaushika kwa mkono mwingine.

"Unagombana na nani huko?" Madam akauliza bila kuinua kichwa.

"Na mama."

Zilipokauka, kabla hata ya mizani, nikaona kitu ambacho mara ya kwanza kilinipita. Safari ile unga wote ulikuwa mweusi wa aina moja. Safari hii wa kwanza ulikuwa mweusi, na kadiri zinki ilivyoongezeka rangi ilielekea kwenye kahawia, mpaka wa mwisho ukawa kama udongo wa njia ya Kidahwe. Jibu lilikuwa kwenye sinia tangu mwanzo, mbele ya macho yangu na ya Mama Riziki.

Mizani ikasema hivi: ya pili ikapanda juu ya ya kwanza. Ya tatu ikarudi chini kidogo. Ya nne ikashuka. Ya tano ikaanguka.

Nikapima tena zote. Ikarudia. Madam Neema akaacha kalamu, akaja akapima mwenyewe, ikarudia. Akanipa mkono kama mtu anayepokea mgeni rasmi.

Nikafunga, nikapeleka stendi, basi likaondoka na vichupa vyangu. Sitawaelezea nilivyowaza ajali, mvua na konda kukalia kifurushi.

Dokta akapima kwenye mashine yake. Akatuma voice note. Niliikodolea macho kwa muda mrefu kabla ya kuifungua.

"Imepanda na imeshuka. Sawa. Lakini kilele chako kimewahi mno. Vitabu vingi vinakiweka mbele zaidi, kwenye zinki nyingi kuliko hapo. Kwa nini?"

Nikaona ameshanikataa, hiyo "kwa nini" ni ya hakimu.

Nikakaa. Nikajilazimisha kuiacha sauti yake na kushika swali lenyewe. Halafu nikajibu, na nakumbuka kila neno: "Dokta, sijui kwa uhakika. Inawezekana chembe zangu ni ndogo sana, na chembe ndogo zinavurugika mapema. Inawezekana pia zinki haikukaa yote upande ule inaoupenda. Yote mawili yanaweza kupimwa, ila si kwa mizani ya shule."

Safari hii hakuandika Ok. Alipiga.

"Mwenzako ameniletea mstari mzuri sana," akasema. "Unafanana na wa kitabuni kila nukta. Nikamuuliza kwa nini uko hivyo, akaniambia ndivyo unavyotakiwa uwe." Kisha akauliza, "Hizo chupa za maji ya kuoshea bado unazo?"

"Ninazo, Dokta."

"Njoo nazo. Ndiyo sura ya kwanza ya kazi yako ya Masters."

Nilimwambia mama akiwa anakata miche ya sabuni. Alifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, nikasikia anaanza kunitafutia begi.

Naondoka wiki ijayo. Naogopa vilevile, nisiwadanganye.

Nilichojifunza ni hiki. Mstari wangu ulipolala, nilijiuliza "nina kasoro gani mimi?" Swali hilo nimeliuliza maisha yangu yote na halijawahi kunipa jibu, linanipa usingizi mbaya tu. Siku nilipouliza "zinki imekwenda wapi?" nilipata jibu mchana ule ule. Zinki haiwezi kupotea. Ilikuwa mahali fulani, ni suala la kwenda kuangalia.

Kwa hiyo kijana mwenzangu, kitu chako kikigoma, uliza kile kitu kwanza. Jiache wewe pembeni kidogo.

Wataalamu wa sumaku mliomo humu, nirekebisheni nilipoeleza vibaya, hasa ule mfano wa kamba. Aliyewahi kutia manganizi au kobalti atupe uzoefu wake. Na wewe ambaye una kitu kimegoma na umeshaanza kujilaumu, kiandike hapa chini tukiangalie pamoja.